Mbiu ya Mgambo na Fomu ya Likizo

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inajua kuhesabu. Likizo ya mwaka, siku 28. Ukiugua, siku 126 katika mzunguko wa miezi 36, nusu ya kwanza kwa mshahara kamili, nusu ya pili kwa nusu mshahara. Mama akijifungua, 84. Akijifungua mapacha, 100. Baba wa mtoto, siku 3, tena azichukue ndani ya wiki moja, kana kwamba mtoto akifikisha siku ya nane anaanza kujilea mwenyewe. Ukifiwa na mwenza, mzazi, babu au ndugu, siku 4. Nimeisoma sehemu hiyo ya likizo mara mbili, nimekaa kwenye benchi nje ya mlango wa afisa utumishi hapa Babati mjini, na foleni ilinipa muda wa kutosha. Nilikuwa natafuta siku za mtu mmoja tu: mtumishi wa umma aliyeitwa na nchi yake kushika silaha.

Hayumo.

Hayumo kwenye likizo, nasema. Lakini rudisha kurasa nyuma hadi kifungu cha 6, kile kinachopiga marufuku kazi ya shuruti. Pale yumo, amekaa vizuri kabisa. Kifungu kinaeleza kwamba kazi ya kijeshi inayotakiwa chini ya Sheria ya Ulinzi wa Taifa ya mwaka 1966 haihesabiwi kuwa kazi ya shuruti, wala kazi ya dharura pale uhai wa wananchi unapokuwa hatarini. Kwa hiyo mwandishi wa sheria alimkumbuka askari wa akiba. Alimkumbuka alipotaka kuhakikisha kwamba mtu huyo hana pa kulalamikia. Kufika kwenye mshahara wake, wino ukaisha.

Na usiniambie kwamba mambo haya yana sheria zake za jeshi. Afisa utumishi hafungui sheria ya jeshi anapozuia mshahara wa mwalimu. Anafungua daftari la mahudhurio.

Wahenga walisema mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo. Zamani mgambo haukuwa mtu. Ulikuwa tangazo, pembe ya nyati inapulizwa, kijiji kizima kinaacha jembe na mtungi kwenda kusikiliza kuna nini. Ni sisi tuliolihamisha neno kutoka kwenye pembe hadi kwa mtu, tukamvisha suruali ya kijani, tukampa kirungu. Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971 ndio uliolipa jambo hilo uzito. Ureno ilikuwa imetuma watu kuivamia Guinea Novemba 1970, Idi Amin akampindua Obote nchini Uganda Januari 1971, na chama kikaona kwamba nchi inayolindwa na kambi peke yake inaweza kuangushwa usiku mmoja. Ndipo wananchi wakaanza kufundishwa silaha vijijini na makazini. Naomba neno hilo la mwisho lisipite haraka. Makazini. Karani, mwalimu, bwana shamba, dereva wa idara ya ujenzi. Tangu siku ya kwanza jeshi hili la akiba lilihesabu kwamba mtumishi wa serikali atakuwemo.

Najua mgambo unayemfahamu wewe. Ni yule anayekimbizana na mama wa nyanya pembeni mwa stendi, anapindua beseni, kisha jioni anakuja kununua nyanya zilezile kwa bei ya hasara. Namfahamu na mimi, na siku nyingine nitamwandikia makala yake peke yake, haitampendeza. Leo namzungumzia mwingine.

Baba yangu mdogo alikuwa mwalimu wa UPE, elimu ya msingi kwa wote. Kwa vijana waliozaliwa juzi: mwaka 1977 serikali ilianza kumwandikisha kila mtoto darasa la kwanza, walimu hawakutosha, ikachukua vijana waliomaliza la saba ikawapa mafunzo huku wanafundisha. Yeye alikuwa na miaka ishirini na moja, ana darasa la tatu lenye watoto waliobanana kama mbaazi ndani ya ganda, na alikuwa amepita mafunzo ya mgambo kwa sababu kila kijana mwenye afya pale kazini alitakiwa kuyapita. Wakati huo Babati ilikuwa bado ndani ya Wilaya ya Hanang, Mkoa wa Arusha. Manyara haikuwa mkoa, lilikuwa jina la ziwa.

Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Amin yakavuka mpaka na kuikalia ardhi yetu hadi Mto Kagera. Tarehe 2 Novemba Mwalimu Nyerere akasema yale ambayo hadi leo wazee wanayatamka kwa sauti yake: sababu tunayo, nia tunayo, uwezo tunao. Kwa miaka mingi nilidhani uwezo ule ulikuwa vifaru na mizinga. Haukuwa. Jeshi letu lilikuwa na watu wasiofika 40,000, na ndani ya muda mfupi likavuka 100,000. Watu hao hawakushuka kutoka mbinguni. Walitoka polisi, magereza, Jeshi la Kujenga Taifa (JKT), na mgambo kwa makumi ya maelfu. Uwezo ule alioutaja Mwalimu ulikuwa ni pamoja na mwalimu wa darasa la tatu, Babati, aliyeacha chaki kwenye kizingiti cha dirisha katikati ya Novemba, akamwambia mwalimu mkuu, "Nimeitwa." Mwalimu mkuu akamwambia, "Nenda, baba." Hiyo ndiyo barua ya ruhusa aliyoondoka nayo.

Darasa lake likaunganishwa na la nne.

Alivuka Mutukula, akaiona Masaka ikiwa kifusi, na Kampala ilipoanguka tarehe 11 Aprili 1979 yeye alikuwa nyuma huko na homa, amelala chini ya lori. Hakuwahi kujisifia. Alirudi Julai na kovu kwenye muundi na sahani ya bati. Kijiji kilimpokea kwa nyimbo. Ng'ombe alichinjwa, na mwaka ule ng'ombe hakuchinjwa ovyo, nchi ilikuwa imeambiwa ifunge mkanda miezi kumi na minane.

Kisha akaenda ofisini, ofisi moja ya serikali ambayo sitaitaja, kuripoti kwamba amerudi. Akaulizwa barua ya ruhusa iko wapi.

Miezi minane haikuwa na karatasi. Kwenye faili lake iliandikwa kwamba hakuwepo kituoni, na neno hilo ni la kweli, hakuwepo kituoni, alikuwa Uganda. Alizungushwa. Leta uthibitisho kutoka kikosini. Kikosi kimevunjwa. Leta basi kutoka wilayani. Wilayani wanasema orodha ilikwenda mkoani. Alikuwa na msemo wake, kila tukikutana kwenye shughuli lazima autoe: "Idi Amin sikumwona hata siku moja. Karani wa masijala nilimwona miezi mitano mfululizo."

Tulicheka sote. Mwaka 2017 alipostaafu hatukucheka tena. Mafao ya mtumishi hukokotolewa kwa miezi ya utumishi, na kila mtumishi nchi hii anajua jinsi neno kikokotoo linavyoweza kumnyima mtu usingizi. Miezi minane ya mwaka 1978 na 1979 ikajitokeza tena, miaka thelathini na minane baadaye, ikiwa bado ni pengo. Mzee wa watu aliulizwa kwa heshima zote, "Baba, hapa ulikuwa wapi?"

Alikuwa analipa kodi ya damu kwa mwajiri wake. Hapo ndipo koo langu linapokauka, kwa sababu hapa hatuzungumzii tajiri wa kiwanda anayelia kwamba jeshi limemchukulia fundi wake. Aliyemwita baba mdogo ni serikali. Aliyekuwa mwajiri wa baba mdogo ni serikali. Aliyemwuliza alikuwa wapi ni serikali. Mkono wa kulia unakupungia uje, mkono wa kushoto unaandika "mtoro", na kichwa kilichoko juu ya mikono yote miwili kinapokea salamu za heshima kila tarehe 25 Julai, Siku ya Mashujaa.

Mtu atasema hayo ni ya zamani. Haya, tuje kwa sasa. Chukua mwalimu wa sekondari hapa Maisaka au Nangara, kijana, amemaliza mafunzo ya jeshi la akiba. Mbiu ikilia kesho alfajiri akaondoka, siku ya sita kanuni za utumishi wa umma zinaanza kumtazama kwa jicho jingine. Kukosekana kazini zaidi ya siku tano bila ruhusa wala sababu ya msingi ni kosa ambalo adhabu yake ni kufukuzwa. Utaniambia vita ni sababu ya msingi. Nakubali, lakini nani anaamua? Anaamua mtu aliyeko ofisini, baadaye, kwa hiari yake, kulingana na alivyoamka. Sababu ya msingi ni utetezi, na utetezi ni kitu cha mshitakiwa. Mimi naomba haki, kitu anachoondoka nacho mtu mfukoni kabla hajapanda lori.

Na wenye roho nzuri ofisini, ambao wapo, Mungu awabariki, wanamsaidiaje? Wanamwambia achukue likizo yake ya mwaka. Yaani siku 28 alizojiwekea za kwenda kumwona mama yake Mbulu azitumie handakini. Zikiisha, wanamwambia achukue likizo bila malipo. Hapo inabidi nisimame, kwa sababu maneno hayo mawili, "bila malipo", yanameza vitu vingi kuliko yanavyoonekana. Mshahara ukisimama, mchango wa mfuko wa hifadhi ya jamii, PSSSF, unasimama: asilimia 5 ya mtumishi na asilimia 15 ya mwajiri, kila mwezi asilimia 20 ya mshahara ambayo haiendi popote. Mkopo wa benki hausimami, benki haina habari na mpaka uliovamiwa. Ada ya mtoto haisimami. Daraja linasimama, maana tathmini ya utendaji inataka kazi zilizofanyika, na kwenye mfumo hakuna kisanduku kilichoandikwa "nililinda daraja la mto". Wenzake aliosoma nao wanapanda, yeye anarudi anawakuta juu.

Katiba yetu ibara ya 28 inamwambia kila raia kwamba kulinda uhuru na ardhi ya taifa hili ni wajibu wake. Wajibu. Haikuandikwa "ukipata nafasi". Sasa wajibu unaodaiwa na Katiba unagharamiwaje na likizo bila malipo? Ni kama baba anayemtuma mwanawe dukani usiku wa mvua, kisha anamfungia mlango kwa kosa la kutoka nje usiku.

Mwaka 2013, mafunzo ya JKT kwa mujibu wa sheria yaliporejeshwa baada ya kusitishwa mwaka 1994, baadhi ya wabunge vijana walikwenda kambini kwa wiki kadhaa kuonyesha mfano. Walipigwa picha wakiwa kwenye magwanda, wakipiga kwata. Lilikuwa jambo zuri na niliwapigia makofi. Lakini sikusikia mbunge hata mmoja ambaye aliporudi bungeni aliulizwa barua yake ya ruhusa iko wapi. Na hakuna aliyetoka kambini akasimama kuuliza: sisi kiti chetu kilitungojea, je, yule nesi wa Hospitali ya Mrara kiti chake kitamngojea?

Dharura yenyewe siku hizi haiji lazima na vifaru. Jumapili ya tarehe 3 Desemba 2023 hatukuvamiwa na mtu. Mlima Hanang uliachia tope, likashuka na mawe na magogo likaifunika sehemu ya Katesh na vijiji vya jirani, watu 89 wakapoteza maisha. Kutoka hapa mjini hadi kule si mbali, wengi wetu tulikuwa na ndugu kule, na wengi tulikwenda. Tuliona wanajeshi wakiingia kwenye tope hadi kiunoni pamoja na vyombo vingine vya ulinzi, wakitoa watu na kufungua barabara. Tuliona pia watumishi waliokimbilia kule bila kuambiwa na mtu, kwa sababu mikono yao ilijua kazi. Rais alikatisha safari yake ya Dubai akarudi nyumbani. Kiongozi wa nchi aliacha mkutano wa dunia kwa ajili ya Katesh, na hilo lilistahili. Mtumishi wa daraja la chini akiacha meza yake Babati kwa ajili ya Katesh hiyohiyo, anarudi kujieleza. Tuna Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022, kazi nzuri, kamati zimepangwa kuanzia juu hadi chini. Kamati hazichimbi tope. Tope huchimbwa na mtu aliyetoka kazini kwake.

Sasa nisikilize hoja za upande wa pili, maana nimezisikia zote, nyingine kwenye daladala ya Magugu, nyingine kwa watu waliovaa tai.

Ya kwanza: gharama. Kima cha chini cha mshahara serikalini kilipandishwa hadi shilingi 500,000, ilitangazwa Mei Mosi 2025 pale Singida, saa chache kwa basi kutoka hapa, na wanasema mzigo umeshakuwa mkubwa. Lakini hebu tukokotoe. Likizo ya wito hutumika siku ya wito. Miaka ambayo mbiu haikulia, likizo hiyo inaigharimu Hazina sifuri. Na mwaka ikilia, ndugu yangu, mshahara wa mwalimu hautakuwa tatizo kubwa la Hazina. Tena mshahara huo ulikuwa kwenye bajeti tayari. Hakuna anayeomba shilingi mpya. Tunaomba ileile isikatwe.

Ya pili: watu watadanganya, kila mvivu atajifanya askari wa akiba. Huyu anayesema hivi hajawahi kuona karatasi za ED, zile za daktari za kumpumzisha mgonjwa kazini, zinavyopatikana. Mtu mwenye nia ya kukwepa kazi ana njia rahisi zaidi kuliko kughushi amri ya jeshi. Kila wilaya ina Mshauri wa Mgambo, aliyepita mafunzo anajulikana kwa jina, na amri ya wito ina mwenye kuitoa na tarehe. Sijui likizo gani nyingine ni rahisi kuihakiki kama hii.

Ya tatu ndiyo inayonipandisha mori. "Uzalendo haulipwi." Nimeisikia ikitamkwa na mtu aliyekuwa anasubiri kusaini posho ya kikao, kalamu iko mkononi. Uzalendo haulipwi! Basi kwa nini kikao kinalipwa? Baba mdogo hakwenda Uganda kutafuta mshahara. Alikwenda kwa sababu aliitwa. Kumlipa mtu mshahara wake wa kawaida wakati yuko kwenye kazi isiyo ya kawaida ni kuacha kumwadhibu, tuzo bado hatujaifikia.

Wenye historia ndefu watakumbuka kwamba tabia hii hatukuianzisha sisi. Tembea Kariakoo, Dar es Salaam, jina lenyewe ni masalia ya Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Waingereza katika vita ya kwanza ya dunia. Wapagazi wengi waliokufa njiani, na wa Kenya hasa wameandikwa sana, ujira wao haukuwafikia warithi. Ulibaki kwenye vitabu, ukitafutiwa sababu. Mkoloni alimhesabu Mwafrika wakati wa kumbebesha mzigo, akapoteza hesabu wakati wa kulipa. Tulipopata bendera yetu tulipaswa kuandika mstari mmoja tu wa kulikataa hilo, na hadi leo sehemu ya likizo haina mstari huo.

Huko kwingine wameshaandika. Marekani, sheria ya mwaka 1994 inamlinda mwenye kazi ya kiraia akiitwa jeshini, anarudi kwenye nafasi ambayo angekuwa nayo kama asingeondoka, na anaweza kukaa huko hadi miaka mitano kwa jumla. Mtumishi wa serikali yao ya shirikisho aliye kwenye jeshi la akiba ana likizo ya kijeshi ya kila mwaka yenye mshahara, na siku nyingine 22 za dharura ambazo pato lake haliruhusiwi kushuka chini ya mshahara wake wa kazini. Tena wamekwenda mbele, wakamkumbuka na mke au mume anayebaki na watoto, naye ana likizo yake isiyo na malipo. Uingereza ina sheria ya mwaka 1985 inayomlazimu mwajiri kumrudisha kazini askari wa akiba. Sina haja ya kuigiza Wamarekani, wana vita nyingi mno kwa ladha yangu. Ninachosema ni kwamba jambo hili linaandikika. Kwa maneno machache. Na Bunge letu linajua kuyaandika: mwaka 2025 lilirudi kwenye sheria yetu hii ya kazi, likamkumbuka mama aliyejifungua mtoto njiti, likamwongezea siku. Niliona akina mama wakifuta machozi kwa furaha, nami nilifurahi nao. Basi mlango haujafungwa kwa kufuli. Unafunguka ukigongwa.

Ninachotaka ni hiki. Iwepo likizo yenye jina lake, likizo ya wito, ndani ya sheria ya kazi na ndani ya kanuni za utumishi, mahali ambapo afisa utumishi anafungua kila siku. Amri ya wito yenyewe iwe ndiyo ruhusa, mtu asiombe. Aliyemwita ndiye amjulishe mkurugenzi, wilaya hadi halmashauri, na hapa Babati ofisi hizo hazihitaji hata bajaji, unatembea kwa miguu. Mshahara uendelee. Mchango wa mfuko uendelee, asilimia zote 20, na miezi ihesabiwe kuwa miezi ya utumishi hadi ya mwisho. Daraja lake lipande kwa tarehe ambayo lingepanda. Akirudi, apewe siku za kupumua kabla ya kushika chaki, kwa sababu mtu anayetoka kulala chini ya lori na homa hapaswi kuingia darasani Jumatatu.

Na darasa lipewe mwalimu! Hili watu hulisahau, hata mimi nililisahau hadi mwanafunzi mmoja wa baba mdogo, sasa bibi mwenye wajukuu, aliponikumbusha sokoni. Aliniambia mwaka ule wao walikaa miezi yote darasani kwa la nne, nyuma kabisa, hawaoni ubao. "Na sisi tulikwenda vitani," akasema, akaendelea kuchambua mbaazi zake. Wito unaomchukua mtumishi bila kuweka kaimu huwapiga na watu ambao jina lao halimo kwenye orodha yoyote: mgonjwa wa wodi, mkulima anayengoja bwana shamba, mtoto aliyeko nyuma ya darasa.

Nitaulizwa kuhusu wasio watumishi. Swali la haki, na linauma. Wengi wa mgambo wa mkoa huu ni wakulima na wafugaji, na vijana wa bodaboda, ambao hawana likizo ya aina yoyote, wala wa kumwomba. Mbaazi zisizovunwa hazina mwajiri wa kuzifidia. Nao wanastahili mpango wao, na mpango huo ni mgumu kweli kuuandika. Huu wa watumishi ni rahisi kupita yote. Serikali haihitaji kumbembeleza mtu yeyote wala kumlazimisha tajiri yeyote. Inahitaji kuelewana na yenyewe. Ikishindwa hapa, ambapo mwita na mwajiri wanatumia mhuri mmoja wenye mwenge na jembe, sioni itakavyomfikia mvuna mbaazi wa Bonga.

Wiki iliyopita nilikuwa tena kwenye lile benchi. Pembeni yangu alikaa mwalimu kijana, amemaliza mafunzo ya jeshi la akiba mwaka huu, bado ana ule ukakamavu wa kukaa mgongo wima. Mkononi alikuwa na fomu ya likizo ya mwaka. Nikamwomba aniazime niitazame. Chini kabisa palikuwa na nafasi ya sababu nyingine, taja, ikifuatiwa na nukta za mstari mmoja. Nikamwuliza: ukiitwa kwa dharura usiku wa leo, pale utaandika nini?

Alifikiri kidogo tu.

"Nitaandika nimefiwa, mzee. Zile siku nne zipo kisheria."

Kisha akanigeukia kuuliza kama babu anahesabika. Nikamwambia babu anahesabika.